Ngiri na Kadi ya Picha Isiyo na Kosa

Palikuwa na Ngiri, mwepesi wa hasira, aliyependa gemu la mbio za magari kwenye kompyuta yake. Siku ya mashindano ya mwituni, gari lake likaanza kukwamakwama kwenye kioo.

"Kadi ya picha, hii inayochora kila kitu kiooni, imechoka!" akafoka, akashika bisibisi aing'oe akaitupe.

"Ngoja, bwana," akasema jirani yake Nungunungu, asiyeamini neno bila kulijaribu. "Kwanza pandisha ubora wa picha hadi mwisho."

"Unataka kuiua kabisa?"

Hata hivyo Ngiri akapandisha. Picha zikang'aa, hata vumbi la magurudumu likaonekana, na kasi haikupungua hata chembe.

"Unaona?" akasema Nungunungu. "Ingekuwa imechoka, kazi hiyo ya ziada ingeikwamisha zaidi. Kadi ina nguvu za kubaki. Inayoelemewa ni prosesa, ndiyo inayopiga hesabu zote. Umeibebesha nini kingine?"

Ngiri akainamisha kichwa. Nyuma ya gemu alikuwa amefungua filamu mbili, muziki, na soga za ukoo mzima wa ngiri. Akafunga vyote. Gari likachomoka kama mshale!

Akamaliza wa pili, akacheza ngoma uwanja mzima.

"Mbona furaha hivyo, na hukushinda?" akauliza Nungunungu.

"Ndugu yangu, nusura nimfukuze asiye na kosa!"