Mbegu Hailali Uchi

Siku hizi mtoto haruhusiwi kulala nyumbani mpaka dirisha lenu liwe na mtegambu, ule mmea wenye majani ya kunata unaokula mbu. Wangu yuko kituo cha malezi tangu azaliwe, kwa sababu mbegu zangu hazioti. Ni ndogo kama vumbi. Zinataka kulazwa juu ya udongo, zione mwanga. Leo nimemfuma mama mkwe akizifukia.

“Mama! Kumbe ni wewe?”

“Mwanangu, mbegu gani inalala uchi? Kuku wataidonoa.”

“Kuku gani, mama? Tuko ghorofani!”

Nikamwaga mbegu nyingine juu ya udongo, kisha nikaenda kituoni. Mwanangu alinitazama kidogo, akageuka, akamnyooshea mlezi mikono.

“Mama,” akamwita.