Juu ya Mstari

Tone moja lilizidi, na maji yakapanda juu ya mstari uliochorwa kwenye shingo ya chupa.

Kasuku alinyamaza. Darasa zima lilimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, kwa hiyo mwalimu wa kemia, aliyekuwa akisimamia mtihani wa vitendo, aligeuka kutazama kimya hicho kimetoka wapi.

Maji yalikuwa yamezidi kwa unene wa ukucha tu, na muda ulikuwa unayoyoma.

"Yanyonye kidogo kwa pipeti," mwenzake wa mezani alimnong'oneza. "Yatarudi kwenye mstari. Nani atajua?"

Kasuku aliinama mpaka jicho likalingana na mstari. Chumvi iliyoyeyuka humo alikuwa ameipima chembe kwa chembe, akipumulia pembeni ili isipeperuke.

"Maji yatarudi," alisema taratibu, "lakini yatatoka na chumvi. Moli za chumvi nilizopima hazitakuwa humu zote tena. Nitabandika lebo yenye ukolezi wa uongo."

Kisha akaimimina chupa yote kwenye sinki.

Mwenzake alishika kichwa. Kasuku aliisuuza chupa, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba chumvi nyingine."

Shule nzima ilimjua mwalimu yule kwa mwendo wake wa kinyonga. Hata mvua haikuwahi kumharakisha. Siku hiyo alikwenda kabatini mbio, koti lake jeupe likipepea nyuma.