Waya wa Breki

"MWONGO WEWE! HUJAWAHI HATA KUIPANDA!"

Theodory aliibonyeza simu kwa kidole chenye masizi, akatuma, kisha akaibwaga simu juu ya meza ya kuchomelea kama vile ndiyo iliyomkosea. Mkono wa kushoto aliuficha ndani ya shati la mikono mirefu, ingawa jua lilikuwa kali. Mkewe Fortunata, aliyekuwa akipepeta ulezi mlangoni mwa karakana, hakuinua hata macho. Alishazoea. Siku hizi mumewe alikuwa na ugomvi na mtu asiye na sura.

Ugomvi wenyewe ulikuwa Facebook, kwenye kundi la Wapanda Chali. Ni watu waliotawanyika nchi nzima, na kinachowaunganisha ni baiskeli ya kulala: mpandaji anaegemea nyuma kama yuko kwenye kiti cha uvivu, pedali ziko mbele, miguu kainyoosha. Theodory, fundi wa kuchomelea wa Kizwite, ndiye pekee aliyeziunda Sumbawanga nzima. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Lakini Calvin wa Dodoma, mwanakundi mwenzake, alipoona picha, akataka aundiwe za kukodisha kwa wageni, na tangu siku hiyo Theodory akawa anapita mtaani kifua mbele.

Ndipo akazuka huyo anayejiita Mshuka Muze, kwa jina la kijiji cha kule bondeni. Picha yake ni tairi tupu. Aliandika kwa upole unaokera kuliko tusi:

"Baiskeli ya fundi wa Kizwite ni nzuri, kiti hakichoshi mgongo. Tatizo, waya wa breki umepita chini ya fremu. Ukishuka bondeni wakati wa tope, breki haishiki. Tena mnyororo hauna kava, unanasa nguo ndefu. Asiuze nyingine kabla hajarekebisha."

Calvin naye akaandika chini yake: "Fundi, tusubiri kwanza."

Theodory akawaka moto. Mtu huyo kaipandia wapi? Maishani mwake alikuwa ameunda baiskeli za kulala mbili tu! Moja anaiendesha mwenyewe. Ya pili aliitoa kanisani siku ya mavuno, wenzake walipopeleka mahindi na kuku, na Padri Eustace akainyunyizia maji ya baraka huku akicheka. Baada ya misa vitu vya mavuno hupigwa mnada, lakini Theodory hakusubiri. Aliogopa kusikia baiskeli yake ikipitwa bei na jogoo. Sasa alipomfuata katekista Ignasi kumuuliza nani aliichukua, Ignasi alikuna kichwa tu.

"Ndugu yangu, siku ile mbuzi wa mavuno alikata kamba. Mimi nilikuwa namkimbiza huko makaburini. Ya mnada sikuyaona."

Theodory aliirudia ile tathmini mara nyingi, mpaka maneno mawili yakamkaa kooni. Nguo ndefu. Kumbe ni mwanamke! Na Kizwite hii, mwanamke anayejua waya na fremu ni nani kama si Tusekile wa duka la spea, yule mama wa Mbeya aliyewahi kumwambia mbele ya wateja kwamba baiskeli yake inafaa kubebea wagonjwa? Hakujipa hata nafasi ya kupumua. Akabandika picha ya duka kundini, na jina, na chini yake: "Huyu hapa mchawi wa kazi yangu."

Neno hilo, Sumbawanga, halina utani.

Tusekile alifika asubuhi iliyofuata, kitenge kakikaza kiunoni.

"Theodory! Mimi nina watoto wanasoma hapa. Unaniita mchawi mbele ya nchi nzima? Baiskeli sijapanda tangu nizaliwe, na hiyo Facebook nasomewa na binti yangu Sharon! Futa!"

"Sifuti mpaka uungame."

"Basi utaungama wewe."

Akaondoka. Wateja wawili waliokuja kuchomelewa mageti wakatazamana, nao wakaondoka. Fortunata akaweka ungo chini.

"Baba Jastin, Pasaka hiyo imefika. Hupokei komunyo na mdomo huo. Nenda katubu. Na huo mkono unaouficha, nadhani nao una neno."

Jumamosi foleni ya kitubio ilikuwa ndefu, na Padri Eustace alikuwa amechelewa kutoka vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini. Theodory alipopiga magoti mbele ya kidirisha cha wavu, bado alikuwa anachemka.

"Nibariki, Padri, nimekosa. Nimemwita mama wa watu mchawi. Hana kosa, nililijua hilo alipogeuka kuondoka. Ni hasira tu."

"Hasira za nani, mwanangu?"

"Za mjinga mmoja wa mtandaoni anayejifanya..." Akaupapasa mkono wa kushoto. "Padri, nimemwita mwongo, naye si mwongo. Nilishuka kwenye tope ili nimuumbue. Breki haikushika, nikaingia mtaroni, mkono wote umechubuka. Nikarudi nyumbani, nikaandika tena kwamba hajawahi kuipanda."

Upande wa pili Padri akakohoa.

"Kuungama peke yake hakutoshi. Nenda kamwombe radhi Tusekile, kisha uandike hivyo hivyo kundini, ulikomtukania. Na usali Salamu Maria tano."

Theodory akainua kichwa. Jina la Tusekile hakuwa amelitaja.

"Halafu pitia nyuma ya nyumba ya mapadri na spana zako," sauti ikaendelea kwa upole uleule. "Ule waya uupitishe juu kabla sijashuka tena Muze. Na mnyororo uuwekee kava, mwanangu. Umeshanilia kanzu mbili."