Bibi Harusi wa Ukumbi wa Tawa

Wanawake sita walisimama mlangoni na hakuna aliyetaka kuingia kwanza.

"Si mlisema mnataka ukumbi?" aliuliza Musembi, mzee aliyelitunza jumba lile la maigizo la mji wa Tawa.

Waliutaka sana. Mashindano ya makanisa yalikuwa Jumamosi, na kundi lao kutoka Kikima halikuwa na mahali pengine pa kufanyia mazoezi. Lakini habari za jumba hili walizisikia tangu wakiwa wadogo.

"Tuambie ukweli, mzee," alisema Ndinda, kiongozi wao. "Yule msichana alipotelea hapa?"

Musembi alikohoa kidogo. "Nthenya. Alikuwa anaigiza bibi harusi. Mimi ndiye nilikuwa navuta pazia. Nililifunga abadilishe nguo, kulifungua, hayupo. Baba yake alimtafuta mwezi mzima. Hata leo ukinyamaza utamsikia akitembea jukwaani."

Wakanyamaza. Ndani, mbao zikalia, taratibu, kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine.

Ndinda alipogeuka, wenzake watano walikuwa tayari wamefika barabarani. Alitamani kuwafuata. Kisha akakumbuka Jumamosi, akaingia peke yake.

Jua la saa sita lilipenya kwenye matundu ya mabati. Alipanda jukwaani, akasogeza pazia lililoliwa na panya. Nyuma ya pazia alisimama mwanamke mzee, nywele nyeupe kichwa kizima, ufagio mkononi.

"Shikamoo, mama," Ndinda alisema. "Wewe ni... Nthenya?"

"Ndiye mimi."

Ndinda alijishikilia ukutani. Lililomjia mdomoni ni moja tu. "Ulikufaje?"

Mwanamke yule aliegemea ufagio, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Nani amekufa, mwanangu? Baba alikuwa amenipangia mzee mwenye ng'ombe arobaini. Nikaruka dirisha hilo la nyuma na gauni la mchezo, nikashika njia ya kwenda mji wa Salama. Niliyempenda akanifuata huko, tukafunga ndoa na gauni lilelile. Tulirudi baada ya baba kufariki, na hakuna aliyenitambua."

"Na hizi hadithi za mzimu?"

"Zimelinda mabati. Kumbi nyingine zote hapa zimeshang'olewa mabati." Alipangusa vumbi mikononi. "Sasa waite wenzako, nataka sana kuwaona mkiigiza. Na ukipita mlangoni, mwambie mume wangu chakula chake cha muthokoi kinapoa."