Kakakuona na Mchezo wa Majina

Palikuwa na mwanafunzi mgeni, Kakakuona, mwenye haya nyingi. Siku tatu alikula peke yake, akaamua kesho hatarudi shuleni.

Mwalimu Korongo akawapanga wanafunzi uwanjani. "Utataja jina la mwenzako, kisha umviringishie mpira," akasema, akaenda kuuchukua.

Kakakuona aliogopa kwamba hakuna atakayetaja jina lake, akajikunja duara. Nguchiro, mwenye pupa, akamdhania kuwa mpira.

"Kanga!" akaita, akamviringisha Kakakuona kwa Kanga.

"Mbona mzito?" Kanga akasema. "Haya, Pimbi, pokea."

"Mpira huu una joto," Pimbi akasema. "Au unaumwa?"

"Mpira utaumwaje, wewe?" Nguchiro akamcheka.

Mwalimu akarudi na mpira wa matambara. "Mnacheza na nini?"

Wakatazamana, wasielewe. Duara likatoa pua.

"Samahani, Kanga, nilikukanyaga mguu."

"Amenijuaje huyu?" Kanga akashangaa.

Kakakuona, kichwa kikimzunguka, akawataja wote kwa majina bila kukosea. Wao wakainama kwa aibu, maana hakuna aliyejua jina lake.

"Wewe je, ndugu yetu?" Pimbi akauliza polepole.

"Kakakuona."

Nguchiro akauchukua mpira wa matambara. "Kakakuona!" akaita, akamviringishia.

Kesho yake Kakakuona alifika shuleni wa kwanza.