Maelekezo ya Kalinga

Ghala liligoma kuwaka kwa mara ya kumi na saba wiki hiyo. Gwakisa akavua koti, akalitandika sakafuni, akapiga magoti mbele ya kompyuta kama mtu anayetaka kuungama.

"Limekataa chakula tena, mwalimu?" Esnath, katibu muhtasi wa chuo, aliuliza kutoka mlangoni.

"Limekula. Limetapika."

Ghala lenyewe lilikuwa kompyuta moja chini ya meza, katika chuo kidogo cha ufundi Mbalizi. Ndani yake zilihifadhiwa programu zote za kufundishia, ili wanafunzi arobaini wasizifuate mmoja mmoja mtandaoni, maana mtandao wa pale siku ya mvua uliweza kumaliza asubuhi nzima ukileta picha ya kuku, tena kuanzia miguu.

Tatizo lilikuwa kozi mpya ya takwimu, aliyoianzisha Gwakisa mwenyewe. Ghala halikuzitambua programu zake. Ilibidi libandikwe kiprogramu cha kulifundisha, plagini, kilichotungwa na watu wa kujitolea na kuachwa mtandaoni bure, kila mtu ajijengee. Gwakisa alijijengea. Kompyuta ikamwandikia kwa herufi za kijani kwamba ujenzi umefanikiwa. Akaiweka plagini kwenye folda yake, akawasha upya. Giza.

Na Jumatatu wakaguzi wanakuja. Mkuu wa chuo alisema mara moja tu, bila kupandisha sauti: wakikuta ghala halijapokea hizo programu, kozi inafungwa na wanafunzi wanarudi kwao.

"Si umwandikie huyo aliyeitengeneza?" Esnath alisema.

"Tunaandikiana tangu mwezi wa kwanza."

Kweli waliandikiana. Ila Gwakisa hakuwahi kuandika kwamba plagini imegoma. Hakulelewa hivyo. Humwendei mtu usiyemjua ukamwambia kazi yake mbovu. Kwenye ukurasa wa plagini alisalimia, akaeleza tu alichofanya: nimeweka Java, programu ya kujengea plagini, toleo la nane, nimejenga, nimewasha upya. Mwenye akili angeelewa.

Kesho yake akajibiwa, kwa Kiswahili, na mtu aliyejiita Kalinga: "Kamwene, na shikamoo. Tumepokea kwa shukrani. Sisi huku Iringa tumeweka Java ya kumi na moja, tumejenga upya."

Hapo Gwakisa aliuona mkono wa fundi. Mwingine angemwambia waziwazi, wewe umekosea toleo. Huyu alimwonyesha njia kwa kuipita yeye kwanza. Gwakisa akaweka ya kumi na moja. Giza. Akaripoti kwa adabu ileile: nimeweka ya kumi na moja, nimefuta mafaili ya muda, nimejenga. Kalinga akajibu: tumefuta mafaili ya muda, tumeongeza na kumbukumbu ya kompyuta. Gwakisa akaongeza kumbukumbu. Giza, ila sasa lilikuja haraka zaidi.

Esnath alisogea, akasoma kupitia bega lake. "Anakuamkia yeye? Fundi mzima?"

"Waliosoma sana ndivyo walivyo. Hawana makuu."

"Au anakucheka."

"Esnath, nenda ukapokee simu."

"Haijalia."

"Italia."

Ijumaa mchana hakuwa na la kujaribu tena. Wanafunzi walipita dirishani wakimtazama kama ndugu wa mgonjwa wanavyomtazama daktari anayeosha mikono. Akaandika kwa Kalinga: "Naomba nije tuonane."

Jibu lilifika kabla hajaondoa kidole kwenye simu: "Mungu mkubwa! Hatukuthubutu kukuomba. Njoo kesho. Tutakupokea stendi ya Ipogolo."

Jumamosi akapanda basi la kwanza, ghala akalipakata likiwa limefungwa kwenye blanketi, hata abiria wa pembeni akamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Basi liliposimama Igawa, watu wakipandishiwa mchele dirishani, ujumbe wa Kalinga ukaingia: "Usile njiani. Tumepika." Gwakisa alifuta macho. Fundi mkubwa namna ile, na bado anawaza tumbo la mtu asiyejua hata kuwasha kompyuta yake.

Ipogolo alipokewa na mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge cha kwaya. Alikuwa Veneranda Kalinga, mwalimu wa kompyuta. Akamtua mzigo kwa mikono miwili, kisha akakunja goti.

"Hapana, mama! Shikamoo! Mimi ndiye wa kupiga goti. Bila wewe nisingefika hata hapa nilipofika."

"Acha utani wako, baba," Mama Kalinga akacheka, akatangulia.

Njia nzima Gwakisa alitaka kumweleza habari za wakaguzi, na njia nzima mama alimwambia apumzishe sauti, ataihitaji. Wakaingia ukumbi wa parokia. Walikaa humo watu kumi na mmoja, watu wazima, kila mmoja na kompyuta mapajani. Walipomwona wakasimama wote kwa mkupuo, na kiti kimoja kikaanguka.

"Huyu ametoka Njombe, yule Songea, wale wawili Makambako," Mama Kalinga alisema. "Baba, kila hatua uliyoandika tumeifuata, hatujaruka hata moja. Haijawaka kwa mtu yeyote. Tulishakata tamaa kabisa, lakini leo aliyeitengeneza amekuja mwenyewe."

Wakaketi, wakafungua madaftari, wakaitazama mikono yake.