Kiboko Ataka Injini Kubwa

Wanyama walipopagawa na mashindano ya magari, Kiboko alimaliza wa mwisho mara tatu mfululizo. Akalipeleka gari lake kwa Nyegere, fundi asiyemwogopa yeyote, injini ikashushwa ili itengenezwe upya.

"Fundi, tanua silinda!" alisema Kiboko kwa hamu. "Nataka injini kubwa, ardhi itetemeke! Kesho kutwa ni fainali!"

"Nikizitanua, kuta zake zitabaki nyembamba na injini itachemka," alijibu Nyegere. "Njoo kesho uone."

Kesho yake Kiboko alilikuta gari lake likikata kona kwa kishindo, vumbi juu, matairi yakilia. Akarukaruka kwa furaha.

"Eee! Si nilikwambia! Sasa injini ni ya lita ngapi?"

"Zilezile," alisema Nyegere. "Silinda sikuzigusa, injini nimeirudisha ilivyokuwa. Nimebadilisha dereva tu."

Gari likasimama, akashuka Digidigi, mwepesi kama kikapu kitupu.

Kiboko akaitazama kofia yake ya mbio, akalitazama tumbo lake, halafu akaangua kicheko hadi spana zikadondoka mezani.

"Haya, Digidigi, fainali endesha wewe," alisema. "Lakini kombe nitalibeba mimi. Hilo linataka mwenye mwili!"